Nyongeza

Asubuhi Timboroa hukaa ndani ya wingu. Ukungu hushuka hadi kwenye lami, malori ya Malaba hupita yamewasha taa, na ukingoni mwa barabara ndoo za viazi hukaa safu moja, kila ndoo na kilima chake. Kilima hicho hujengwa. Mwuzaji hutia viazi vidogo chini, akafuatisha vya kadiri mpaka mdomoni mwa ndoo, kisha akavipanga vile vikubwa juu ya mdomo kimoja kimoja, akivigeuzageuza kutafuta ubavu utakaokaa, hata ndoo ikawa imebeba karibu nusu ya ndoo nyingine kichwani. Mama aliyetuuzia alikuwa amevaa sweta mbili na gambuti, vidole vimepasuka kwa baridi na udongo. Alitaja bei, mke wangu akalipa kwa simu, ujumbe ukaingia, viazi vikamiminwa guniani. Biashara ikawa imekwisha. Ndipo mama alipoinama, akachagua viazi vitatu kwenye ndoo ya jirani, akavifuta kwa upindo wa kanga na kuvitupia juu ya vingine. "Nyongeza yenu hiyo," akasema, na kabla hatujashukuru alikwisha kumgeukia dereva wa lori.

Tulikuwa tumetoka Eldoret bila harusi ya kuhudhuria wala matanga ya kwenda. Kwetu watu wazima hawasafiri hivyo. Barabara ni ya kumpeleka mtoto shule, kumwona mgonjwa, kuzika, kufuatilia habari ya shamba. Mtu wa rika letu akionekana Burnt Forest siku ya kazi, salamu ya pili huwa ni kumwuliza kuna nini. Sisi tulitaka kuzunguka tu. Tupande Timboroa, tukate kushoto pale Makutano tuteremke Eldama Ravine, tuzunguke hadi Marigat kwenye joto, tupande Kabarnet, tushuke tena kuuvuka mto Kerio pale Chebloch, kisha tuupande ukuta wa bonde kupitia Tambach hadi Iten, na kutoka Iten nyumbani ni karibu. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Tulichookota ni vile viazi vitatu, kwa maana tangu hapo kila mji mdogo tuliosimama ulilirudia jambo lile lile kwa sura nyingine: tulipewa kitu ambacho hatukukilipia, na ambacho aliyekitoa hakuwa na wajibu wa kukitoa.

"Hiyo ameshaipigia hesabu," mke wangu alisema tulipokuwa tukiteremka kwenye misitu ya Maji Mazuri. Mama yake aliuza mboga soko la Iten miaka mingi, naye alikulia chini ya meza ya soko, kwa hiyo hadanganyiki. "Anajua ataongeza, kwa hiyo bei ina nyongeza ndani yake tangu alfajiri." Nikamwuliza, "Sasa Mama, mbona asivitie ndooni tangu mwanzo?" Akanyamaza kona mbili tatu. "Vikikaa ndooni vinakuwa viazi tu, Mzee." Nimelizungusha jibu hilo kichwani tangu siku hiyo. Kiazi kilichomo ndooni kimelipiwa. Nilikinunua, ni changu, sina cha kumwambia mtu. Kiazi kinachotoka mkononi baada ya hesabu kufungwa kinaifungua hesabu upya. Kinaniambia kwamba mama yule alipomaliza nami kama mteja, alikuwa bado hajamaliza nami kama mtu. Na hata kama kilikuwa kimejumlishwa kwenye bei, yeye ndiye aliyeamua kwamba sehemu hiyo ya bei nisiione kama bei.

Nyongeza ina adabu zake, na kila aliyelelewa na soko anazijua ingawa hakuna aliyemfundisha. Unaweza kuiomba, lakini kwa utani, ukicheka, na huwezi kuigombania. Ukiitaja kabla hujalipa, umeharibu. Mwuzaji naye haihesabu kwa sauti. Kwenye mahindi mambo hayo huonekana waziwazi, kwa sababu mahindi hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili uliokuwa wa mafuta ya kupikia kabla haujawa mizani ya nchi nzima. Mwenye roho mbaya huugonga mkebe kwa chini mpaka kitako kiingie ndani, na kutoka juu hutajua. Umelipia gorogoro, umepata robo tatu. Mwuzaji wa kweli huuweka mkebe juu ya sinia, humwaga mpaka punje zianze kuporomoka pembeni, kisha huviringisha viganja vyake kuzunguka kile kilele kukikinga kisianguke anapouinua kuelekea kwenye mfuko wako. Vile viganja viwili vinavyolinda punje ambazo angeweza kuziacha zirudi siniani ndivyo vinavyonivuta nirudi kwake wiki ijayo. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee. Lakini kibaba kikishajaa, bado kuna swali la kinachomwagika, na kinamwagikia upande wa nani.

Upande wa Marigat, kabla barabara haijaanza kupanda kwenda Kabarnet, asali huuzwa kwenye chupa zilizokuwa za vinywaji, nyeusi zaidi kuliko chai ya rangi, na hewa yenyewe ina joto la mawe. Tulisimama kwa mzee mmoja chini ya mgunga. Hakuanza na bei. Alianza na habari za tulikotoka, mvua iko, mahindi yamefika wapi, na mke wangu alipojibu kwa Kikeiyo mzee alinyoosha mkono tena kusalimia upya, kana kwamba salamu ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Kisha akachovya njiti ya kiberiti ndani ya asali, akaipangusa kidogo, akaikwaruza. Ikawaka. Alitutazama bila kusema neno: kwa imani yake, asali iliyotiwa maji haiwashi njiti. Tulinunua chupa mbili. Alipopokea pesa alifungua kopo lililokuwa nyuma yake, akakata kipande cha sega lenye nta na majani makavu, akampa mke wangu atafune njiani. Mimi akanipa maneno: tusiende kwa kasi mteremko wa baada ya Kabarnet, breki za wageni huungua pale. Lile lilikuwa fungu langu, na ni kweli breki zilianza kunuka, nami nikapunguza gia kwa sababu ya mtu ambaye hatanijua tena.

Mwaka 1925 msomi Mfaransa, Marcel Mauss, aliandika kitabu kidogo juu ya zawadi, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba duniani hakuna zawadi ya bure. Anayepokea amefungwa, atalazimika kurudisha, na kurudisha kwake kutamfunga mwenzake, na katika kufungana huko jamii husimama. Kama ningekuwa jirani wa mzee wa asali ningekubaliana na Mauss. Akinipa sega leo, kesho mwanawe atakuwa na safari ya Eldoret na atalala kwangu. Lakini mimi si jirani yake. Gari langu lilipokunja kona, deni lake lilikunja nalo. Mama wa Timboroa alijua kwamba pengine sitapita tena, na hata nikipita kutakuwa na ndoo hamsini mbele ya yake. Sasa deni lile analidai nani? Methali yetu inasema tenda wema nenda zako, nasi huisoma kama amri kwa mtenda, kwamba asingoje shukrani. Naona kuna nusu yake inayomhusu mtendewa. Wema ukishaenda zake, aliyeachwa nao ana kitu ambacho mwenyewe hayupo wa kurudishiwa, na njia ya pekee ya kukilipa ni kumpa mtu wa tatu asiyejua kimetoka wapi. Barabara huishi kwa madeni ya namna hiyo. Aliyekuonyesha njia ya mkato alionyeshwa na mwingine. Kijana anayeweka jiwe nyuma ya gurudumu lako ukiwa umekwama mlimani hakuulizi jina, na siku moja nawe utashuka garini kuokota jiwe la mtu.

Ajabu ni kwamba mambo haya hutendeka katika nchi ambayo tangu kuandikwa kwake kwenye ramani imekuwa ikipimwa kwa ukali. Mji wetu ulizaliwa ukiwa nambari. Wakoloni walipoigawanya nyanda ya Uasin Gishu kuwa mashamba, kituo cha posta kiliwekwa kwenye shamba la 64, na kwa muda mrefu watu waliuita mji Sikstifoo, wengine Sisibo, kabla na hata baada ya gavana kuupa jina la Eldoret mwaka 1912. Makaburu walikuwa wamefika mwaka 1908 wakiongozwa na Jansen van Rensburg, magari yao ya ng'ombe yakizama kwenye matope ya misitu hii hii ya Timboroa tunayopita kwa dakika chache. Miaka mitatu kabla yao, mnamo Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa kwa risasi za afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Huo ndio msingi: mkono ulionyooshwa kwa salamu ukapokewa kwa bunduki, kisha ardhi ikakatwa vipande na kila kipande kikapewa namba. Mji una hadithi kwamba sefu ya benki ya kwanza ilipoangushwa kutoka kwenye gari la ng'ombe haikuinulika tena, basi kuta zikajengwa kuizunguka pale pale ilipoanguka. Iwe ni kweli au ni porojo za wazee, hadithi hiyo inafaa. Kuna miji iliyoanza na kisima, mingine na mti wa kivuli. Wetu hujisimulia kuwa ulianza na sefu nzito.

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, nayo ili ifike ilibidi ipande karibu na Timboroa hadi zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Mji ukakua, ukapata viwanda vya nguo, chuo kikuu, hospitali kubwa ya rufaa, na tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto akaukabidhi hati ya kuwa jiji, la tano nchini. Kipimo kimoja hufuata kingine: namba ya shamba, urefu wa mwinuko, hadhi ya jiji. Sivichukii vipimo. Bila vipimo mnyonge hana pa kusimamia anapopunjwa. Ninachosema ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoeleza kwa nini mtu wa Kabarnet asiyekujua, ukimwuliza hoteli ya chai iko wapi, hufunga kibanda chake na kukusindikiza mpaka mlangoni, akamwambia mhudumu, "Hawa ni wageni wangu," akarudi kazini kwake. Mgeni njoo mwenyeji apone. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni nikidhani ni maneno ya heshima tu, mpaka nilipouona uso wa kijana aliyetusindikiza hivyo akigeuka kuondoka: alikuwa amefurahi kuliko sisi.

Lakini ziada ina ndugu yake mwovu, naye anajulikana kote, huku kwetu na Tanzania: lumbesa. Mfanyabiashara huja shambani na gunia lake, gunia likijaa huliunganishia kipande cha wavu juu, akakishona, akakijaza nacho, mpaka mfuko ukawa na kichwa na mabega, na mkulima hulipwa kwa mfuko mmoja. Kuna mifuko iliyopita kilo 100 kwa bei ya kitu kilichopaswa kuwa nusu yake. Kenya ilitunga kanuni za zao la viazi mwaka 2019 zikiweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko; Tanzania nayo imepambana na lumbesa kwa sheria zake za vipimo; na bado kwenye vichochoro vya mashambani wavu hushonwa usiku. Ukiutazama kwa mbali mfuko wa lumbesa unafanana kabisa na ndoo ya Timboroa. Vyote vina kilima. Vyote vimezidi mdomo. Tofauti ni mkono uliokijenga kilima. Kile cha ndoo kimejengwa na mwenye mali kwa hiari yake. Kile cha gunia kimejengwa na mnunuzi juu ya mali ya mtu asiye na lori, asiye na ghala, ambaye viazi vyake vitaoza keshokutwa. Pengine mama yule wa sweta mbili, anayempa mpita njia viazi vitatu, wiki iliyotangulia alichukuliwa kilo hamsini na mwenye wavu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tunapoisifu hiyo methali tuwe waangalifu tusije tukawaachia maskini kazi yote ya ukarimu.

Na barabara hii hii imewahi kuwa na vilima vya mawe. Msafiri wa leo hupita Burnt Forest akiwaza kabichi na maziwa, lakini wenye umri wetu hawapiti bila kukumbuka ghasia za kisiasa za mwaka 1992 na zile za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, vijana walipoziba lami kwa magogo na mawe, wakawa wanauliza vitambulisho ili wasome majina. Siku ya mwaka mpya wa 2008, kule Kiambaa, karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa humo. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo za 2007 na 2008, ilihesabu waliouawa nchini kote kuwa 1,133. Mimi natoka upande wa Webuye, mke wangu ni wa Tambach. Majina yetu yakiandikwa pamoja kwenye karatasi moja yanaonyesha wazi kwamba hatukuzaliwa kilima kimoja. Kwa hiyo mtu akitunyooshea mkono barabarani bila kutaka kujua majina hayo, hatuuchukulii kama jambo jepesi. Watu wa miji midogo si wema kwa sababu ni wa miji midogo. Ni miji hii hii iliyoungua. Wanaokaribisha leo wanajua kinyume cha kukaribisha kinafananaje, wengine walikipitia, wengine walikitenda au walinyamaza kikitendwa. Mulembe ya kwetu kwa mkono mmoja, chamgei ya kwao kwa mkono mwingine, kwenye barabara kama hii kila salamu ni uamuzi wa mtu.

Ndoa nayo nimeiona kwa jicho hilo la nyongeza tangu safari ile. Kwao mke wangu, siku ya koito, yaani ya kupatana mahari, wazee walikaa wakataja ng'ombe, mbuzi, blanketi, sukari. Kwetu nasi tuna hesabu zetu na hatukuja mikono mitupu. Mazungumzo yalikuwa makali, mjomba mmoja akatishia kuondoka, kisha tukapatana. Walipomaliza, baba mkwe, ambaye hakuwa amesema mengi, alisema mahari haiishi. Vijana tulicheka tukidhani ni ujanja wa kudai tena. Sasa naelewa kwamba hesabu ya mahari huachwa wazi makusudi, kwa sababu hesabu ikifungwa pande mbili hazina tena sababu ya kutembeleana. Katika Biblia kuna Ruthu, mjane mgeni aliyekwenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji katika shamba la Boazi. Sheria ilikuwa imeshampa haki ya kuokota. Boazi aliwaagiza wavunaji wake wadondoshe masuke mengine kwa makusudi, wamwachie aokote, wasimkemee. Ndoa ya wawili wale ilianzia kwenye masuke yale ambayo sheria haikuyataka. Nawajua wenzetu wanaoishi kwa gorogoro iliyopanguswa: mimi nimelipa karo, wewe utalipa umeme, mimi niliamka usiku wa jana, leo ni zamu yako. Ni haki, hakuna aliyepunjwa, na nyumba ina ukimya wa ofisi. Kwenye gari, kati ya Chebloch na Tambach, mke wangu alimenya chungwa, akala kipande, akanitilia kingine mdomoni bila kuniuliza kwa sababu mikono yangu ilikuwa kwenye usukani na kona zilikuwa mbaya. Hakuna mahakama ambayo ningeweza kumshtaki kama asingefanya hivyo.

Pale Tambach unageuka nyuma unaliona bonde lote la Kerio limelala chini yako, miembe ikiwa madoa meusi na mto ukijificha; halafu Iten, mita 2,400 hivi, na lile lango la maandishi linalosema hapa ni nyumbani kwa mabingwa. Kama kuna mji unaoishi kwa kipimo kikali ni huu. Hapa Bruda Colm O'Connell, Mwairishi, alifika kufundisha shule ya St. Patrick mwaka 1976, akawa mwalimu wa wakimbiaji waliotikisa dunia. Maisha ya familia nzima hubadilika kwa sekunde moja. Hata hivyo tazama wanavyofanya mazoezi: kundi zima, mamia wakati mwingine, bingwa wa dunia ubavuni mwa kijana ambaye hajapata viatu vizuri, na mgeni akitaka kuingia nyuma yao hakuna anayemzuia, mapafu yake ndiyo yatakayomzuia. Tarehe 12 Oktoba 2019, kule Vienna, Eliud Kipchoge, anayejinoa Kaptagat jirani na Eldoret, alikimbia mbio za marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuingia kwenye vitabu vya rekodi, kwa sababu alikimbia akikingwa upepo na wakimbiaji 41 waliopokezana, wengi wao mabingwa kwa haki yao. Wenye vitabu walikuwa na sababu zao. Lakini mimi huwafikiria wale 41. Walifika pale, wakatoa kasi yao yote kwa dakika walizopangiwa, wakapisha wengine, na mwisho walisimama nyuma wakimshangilia mtu mmoja akivuka utepe.

Kuna wanaosema haya yote yanakwisha. Pesa sasa ni za simu tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na namba ya till hupokea kiasi kamili. Mizani ya kidijitali huandika gramu. Kwenye supamaketi za Eldoret hakuna wa kumwomba nyongeza, mashine hutoa risiti na kukutakia siku njema kwa maandishi. Sina hofu kubwa. Mama wa Timboroa alilipwa kwa simu na bado aliinama. Hofu yangu iko kwingine: kwamba tutaupenda mno wema wa barabarani hata tusahau kuuliza kwa nini anayetutendea ananyeshewa. Wanaotoka jijini kustarehe, nasi tukiwemo, hurudi na hadithi tamu za watu wakarimu, na picha, na gunia la viazi vya bei nafuu. Bei ile ilikuwa nafuu kwa nani? Soko lenye paa, barabara ya shambani inayopitika msimu wa mvua, mizani ya kweli pale gunia linaposhonwa, afisa wa vipimo asiyelipwa kuangalia pembeni: hivyo si zawadi za kungojewa kutoka kwa mtu mwema. Mkulima anavidai. Aliyepunjwa shambani akimwongezea mpita njia, huo ni utu wake, na ni aibu yetu.

Basi msafiri mwenzangu, ukitoka na mwenzio kuzunguka miji hii, lipa bei unayotajiwa, usimkamue kwa punguzo mtu aliyesimama kwenye baridi tangu alfajiri. Shuka garini usalimie. Kunywa chai kwenye hoteli ya pale pale badala ya kubeba chakula cha mjini. Ukipewa ziada, pokea kwa mikono miwili, nawe usikae nayo. Na ukirudi, mwulize diwani wako na mbunge wako kanuni ya kilo 50 inatekelezwa wapi, na nani. Kipimo cha haki ni wajibu wa serikali. Kinachozidi hapo ni wajibu wetu.